Mahali pa Pili

Ua la kwanza lilichanua nyuma ya tanuri la matofali, asubuhi baada ya mvua za mwanzo, vibarua wakiwa wanapakia lori. Lilitoka ardhini moja kwa moja, bila jani, jeupe, pana kama kiganja cha mtoto. Likasema, "Mama, niko huku, kando ya banda la kuni."

Kibarua aliyekuwa karibu alitua matofali yake, akalisikiliza hadi mwisho, kisha akayainua tena.

"Shemeji huyo," alimwambia mwenzake aliyekuwa juu ya lori.

"Si tuliambiwa alitoroka na dereva?"

"Ndivyo tulivyoambiwa. Pokea basi, mikono inanikatika."

Lori likaondoka limejaa. Adhuhuri, jua lilipokaza, ua likanyauka na kulala kwenye tope.

Mwenye tanuri, ambaye watu walimwita Bwana Tofali, ndiye aliyekuwa mume wa msemaji. Alipopewa habari alikwenda, akalitazama lile ua lililonyauka, akasonya.

"Hata nyumbani alikuwa hivyohivyo," alisema. "Akianza, hanyamazi."

Mama wa msemaji alikuwa mshonaji mwenye cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa. Habari zilimfikia kupitia mteja aliyekuja kupunguza kiuno cha sketi.

"Binti yako anaongea kule kwa mumewe," mteja alisema. "Anakuita. Na hapo kwenye pindo uniachie kidogo, nimeanza kunenepa."

Mshonaji alimaliza sketi. Mteja hana kosa, na kazi iliyoachwa nusu hurudi kukudai. Kisha akafunika cherehani na kulala mapema, na kulipokucha akaenda.

Mmea ule ulifungua ua moja kila asubuhi na kulizika mchana, kwa hiyo yeye alilikuta la pili. Sauti ilikuwa ya binti yake, hadi ule mkwaruzo wa koo aliokuwa nao tangu utotoni. Lilisema, "Alinipiga kwa mpini wa beleshi. Mama, nilikuwa nimechelewa tu kurudi sokoni."

Mshonaji alichuchumaa. "Nimesikia, mwanangu. Nakuja kukutoa nikuzike vizuri."

Bwana Tofali alimletea kiti. Hakuwa mtu wa kukosa adabu kwa wakwe.

"Karibu, mama mkwe. Usimtie sana maanani huyo, utani wake unaujua."

"Nipe jembe."

"Majembe yote yako kazini. Halafu uwanja ni wangu, mama. Huwezi kuja kuchimba uwanja wa mtu kama fuko."

Akaenda kituo cha polisi. Afande wa zamu alimsikiliza akiwa anapiga kiwi kiatu, na hakumkatiza hata mara moja.

"Kwamba mmea umesema, mimi sikatai," alisema. "Lakini nikifungua jalada, shahidi namwita nani? Ua? Maua yako mengi, na hilo lako limekwisha kufa. Nenda chuoni wakutajie ni mmea gani. Shahidi akiwa na jina, tutakwenda na mabeleshi wenyewe."

"Na aliyempiga? Yuko pale, anakunywa chai."

"Ametajwa na nani? Na asiyejulikana. Mama, uchungu wa mwana naujua, nina wangu wanne. Lakini utaratibu ni utaratibu."

Mshonaji hakulia pale. Kulia kituoni ni kuwaburudisha wengine. Asubuhi iliyofuata alirudi kwenye tanuri, akachukua ua la siku ile likiwa bado bichi, akalizungushia kitambaa chenye maji na kulipeleka chuoni.

Mwalimu wa mimea alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu. Chumba chake kilikuwa na makabati ya chuma yaliyojaa mimea iliyokaushwa, na meza yake ilinuka dawa ya nondo. Kwa miaka yote ya kazi alikuwa ameelezea tena yale ambayo wengine walikwisha kuyaelezea. Alilifungua lile ua kwa wembe, akaliinamia na kioo cha kukuzia. Aliona stameni moja tu, na petali kubwa ya mbele yenye doa la njano. Akaketi taratibu, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike.

"Hii ni spishi ya ukoo wa tangawizi," alisema. "Ya mwitu. Lakini kwetu haijawahi kuandikwa. Umeitoa wapi?"

"Juu ya mwanangu."

"Utanipeleka?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Wakaenda kesho yake asubuhi. Bwana Tofali aliposikia kwamba ni wa chuo alivaa shati safi. Mwalimu alipiga magoti topeni na kufanya kazi yake inavyotakiwa. Alipima ua, akapima majani machanga yaliyoanza kuchomoza, akasugua jani moja na kulinusa: tangawizi, na nyuma yake ukali wa iliki. Kisha akaanza kufukua pembeni kwa kisu apate kipande cha tunguu, lile shina nene linalotambaa chini ya udongo.

"Polepole, mwalimu," ua lilisema. "Hapo ni shingoni."

"Samahani, mwanangu," Mwalimu alisema, akahamishia kisu upande wa pili.

Tunguu lilitoka limeviringwa na nywele zilizosukwa. Mwalimu alizitoa kwa kibano, unyweleunywele, kwa sababu hazikuwa sehemu ya mmea na zingeharibu sampuli. Akampa mshonaji.

"Hizi ni zako."

Mshonaji alizitia kwenye mkoba, pamoja na futi ya kupimia na vifungo.

"Sasa si tumefika?" alisema. "Chimba kidogo tu, mwalimu. Yuko hapo hapo."

"Nikichimba nitaukata. Nivumilie kwanza niupatie jina."

Jioni ile Mwalimu alimpigia simu mtaalamu wa nchi jirani, mzee aliyeujua ukoo ule kuliko watoto wake mwenyewe. Alimweleza ua, jani, harufu na sauti.

"Mmea wa jamii hiyo naufahamu," mzee alisema. "Huota juu ya waliofukiwa bila kaburi. Huku kwetu ni mingi, mkipita bondeni wakati wa mvua hamwezi kusikilizana. Ila ninyi siku zote mlikuwa mkisema kwenu haupo."

"Ulikuwa haupo."

"Haya. Hongereni."

Mwalimu aliandika maelezo kwa wiki kadhaa, na mshonaji alikuwa akimpitia kila alipofunga cherehani. Alikaa kwenye kigoda kati ya makabati na kungoja. Siku moja aliuliza kama yale maneno yameandikwa.

"Nimeandika kwamba ua hutoa sauti ya kike, ya chini, asubuhi."

"Na alichosema? Mpini wa beleshi?"

"Hayo hayaingii. Maelezo ya mmea huchukua kisichobadilika. Sasa maneno, kila ua lina yake. Nikianza kuyaandika, mwakani mtu atauona mahali pengine unasema mambo mengine, adhani ni mmea tofauti."

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli, mama. Lakini si kitambulisho."

Hata ile sauti haikudumu. Wahariri wa jarida waliifuta, wakieleza kwamba mmea wa nchi jirani nao unasema, kwa hiyo kusema si jambo la kuutofautisha na wenziwe. Maelezo yalitoka na picha nzuri ya ua na nyingine ya tunguu, lililooshwa likang'aa. Chini ya neno "makazi" yaliandikwa: udongo wa mfinyanzi uliofukuliwa siku za karibuni, kivuli cha banda.

Magazeti yalishangilia. Nchi ilikuwa imeongeza mmea, na wakubwa walisema ni ushahidi wa utajiri wake. Mshonaji alikata ile habari kwa mkasi wa kitambaa, ambao hakuwahi kuutumia kukatia karatasi hata siku moja, akaipeleka kituoni.

"Jina hili hapa," alisema. "Chukueni mabeleshi."

Afande alilisoma lile jina la Kilatini mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

"Ni zuri," alisema. "Tatizo wameshatuma waraka. Mmea uko mahali pamoja tu nchi nzima, kwa hiyo ni nyara ya taifa. Atakayeingiza jembe pale, mimi ndiye nitakayemfunga."

"Uliniambia nikuletee jina."

"Na umeleta. Kwa upande wako umefanya yote, mama. Shahidi tunaye, tena anaheshimika. Ila haruhusiwi kuguswa."

Wakajenga uzio. Kwa kuwa sheria ilitaka mlinzi atoke kwa mwenye ardhi, Bwana Tofali alipewa kofia, buti na filimbi. Tanuri lilihamishwa ili moshi usiudhuru mmea, akajengewa jingine ng'ambo ya korongo, kubwa zaidi. Wanafunzi wakaanza kuja kwa makundi. Aliwapanga mstari, akawakataza kukanyaga, na ua lilipomtaja kuwa ndiye aliyeua, alingoja limalize ndipo aendelee na maelezo.

"Petali hii ya mbele," alisema, "wataalamu huiita mdomo."

Wanafunzi waliandika. Mmoja aliuliza kama mmea hupenda mbolea.

Mshonaji alikuwa akija na kigoda chake, akikaa nje ya uzio hadi ua linyauke. Mkwe wake hakumfukuza. Alimwambia hata, "Mama mkwe, sogea kivulini." Na mvua hiyo ilipokatika, mmea ukarudi ndani ya udongo kama ilivyo desturi yake. Mshonaji akamfuata Mwalimu chuoni na hakumung'unya maneno.

"Nilikuja kwako na mtoto, umenirudishia ua. Nitamzika lini?"

Mwalimu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na tangu maelezo yatoke alikuwa akilala vizuri, jambo lililomsumbua kidogo.

"Sheria inaulinda kwa sababu uko mahali pamoja," alisema. "Ukipatikana mahali pa pili, hautakuwa nadra hivyo. Nitaomba kibali mwenyewe, na tutachimba pale siku hiyohiyo. Nakuahidi."

"Mahali pa pili pawe mbali?"

"Si lazima. Ng'ambo ya korongo ingetosha. Mradi isiwe shina lilelile."

"Na uote wenyewe."

"Uote wenyewe, ndiyo."

Mshonaji alifunga mkoba, akaondoka. Mvua zilizofuata alizunguka nyuma ya nyumba za watu, kwenye mabanda na mashimo ya takataka, akiinamisha sikio. Aliwatembelea wanawake ambao binti zao walikuwa wamesafiri bila kuaga, akawaomba wamwonyeshe uwanja wa mkwe. Wengi walimkaribisha chai, wakamwambia binti zao wako salama, huwa wanapiga simu ila mtandao ni mbaya. Mmoja alimfungia mlango. Jirani alimwambia kwamba anawawangia watu. Akajibu kwamba yeye hamwangii mtu, anatafuta mmea.

Hakuupata.

Kufikia wakati huo Bwana Tofali alikuwa ameoa tena. Mke mpya alikuwa mdogo, mcheshi, mwenye kucheka kabla hujamaliza kisa. Kazi yake mojawapo ilikuwa kumwagilia mmea, na aliufanyia hivyo akiwa ameziba masikio kwa pamba, kwa maana aliogopa. Walikuwa wakiishi ng'ambo ya korongo, karibu na tanuri jipya.

Asubuhi moja mshonaji alifika kwenye uzio peke yake. Ua lilikuwa limefunguka vizuri, safi, na umande mdomoni.

"Mama," lilisema, "mwambie mwenzangu aondoke. Leo, asingoje kesho. Ameshaanza kumtazama vile alivyokuwa akinitazama mimi."

Mshonaji alisikia. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Alikaa hadi adhuhuri, ua likalala, akakunja kigoda chake na kwenda kazini.

Mchana mke mpya alikuja kwenye baraza na kitambaa cha maua mekundu chini ya kwapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka mtindo gani?"

"Mikono mirefu, hadi hapa."

"Joto lote hili?"

Yule binti alicheka, kisha akaacha kucheka. Mshonaji alipompandisha mkono apime, futi ilipita juu ya alama za vidole vitano, mbichi, za bluu.

"Siku hizi amekuwa mkali," mke mpya alisema. "Hata mlango ukijipiga kwa upepo, ni mimi. Jana alishinda akichimba nyuma ya tanuri, nikamuuliza ni shimo la nini, akaendelea kuchimba." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Mama, wewe huwa unamsikiliza mwenzangu. Ananisema? Leo amesema nini?"

Mshonaji alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja na kuzichomeka kwenye mto wake, bila haraka.

"Amesema anakushukuru kwa maji."

"Kweli?"

"Kweli."

Mke mpya alivuta pumzi ndefu, uso ukamfunguka. "Na mimi nilivyokuwa namwogopa bure!"

"Nyoosha mabega," mshonaji alisema. Alipima bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo. Kisha akauliza, "Mama yako yuko wapi, mwanangu?"

"Alikufa nikiwa mdogo. Wala shangazi sina. Ni mimi tu."

"Basi afadhali," mshonaji alisema. "Geuka, nikupime mgongo."