Daktari Hakukataza Kuruka

Mama unayesoma hii na una mtoto mwenye mashine ya moyo, usifanye nilivyofanya mimi.

Elsie wangu aliwekewa kimashine hicho akiwa na miaka minane, hapa chini ya bega la kushoto. Moyo wake ukilegea, kinaushtua upige. Ukipitisha kidole juu ya ngozi unakisikia, kama kifungo kilichosahauliwa ndani ya pindo. Siku ya kutoka hospitali daktari aliniambia polepole, na nikaelewa: "Kidonda kikipona, aruke, akimbie, acheze na wenzake. Akichoka apumzike. Kitu kimoja tu, asigongwe hapo kifuani."

Nilirudi mtaani kwetu Mbotela nikawaambia majirani, na Elsie mwenyewe, kwamba daktari amekataza michezo yote.

Mwanzoni ilikuwa hofu. Mimi hushona yunifomu za shule mlangoni pangu, na kila Elsie akikimbilia mferejini mguu wangu uliganda kwenye cherehani. Lakini baadaye ikawa kitu kingine. Ikawa wivu.

Mlango wa pili anakaa Fatu, mama yake Sundus. Sundus ni rika la Elsie. Akiruka bladda, ile mipira ya tyubu wasichana wawili wanayoivuta kwa miguu, anaipita hata ikipandishwa mpaka kiunoni. Nilikuwa nikiitazama miguu ya yule mtoto nikimuuliza Mungu kwa nini amempa yeye. Naomba msamaha, halafu naitazama tena.

Na Fatu, akikaanga bhajia pale nje, anapiga kelele, "Ruka mwanangu! Ruka!" Elsie hukaa kwenye kizingiti chao akicheka kicheko ambacho kwangu hakifiki. Mimi aliniletea homa na hesabu za shule. Kicheko alimpelekea Fatu.

Siku moja Fatu akaniuliza, "Mama Elsie, shoga yangu, hivi daktari alisema nini hasa? Mtoto anatamani mpaka anatia huruma. Hata kuruka kidogo?"

"Amekataza."

"Yote?"

"Yote. Ama siku hizi wewe ndiye daktari, unapima watu na mwiko?"

Alicheka. "Haya mama, yaishe. Mwiko wangu haujui mambo ya moyo."

Nilijua nikisema ukweli, Elsie atashinda kwa Fatu kutwa. Ndiyo maana nilidanganya.

Likizo ya Agosti, Jumamosi moja, nilienda kununua uzi. Nilimwacha Elsie ndani, nikamwambia asitoke. Kurudi, nasikia kelele uwanjani kwetu. Watoto wanacheza kati: wawili wanarusha mpira, walio katikati wanaukwepa. Na katikati yuko Elsie, anakwepa kama samaki, uso wote meno.

"Elsie! Toka hapo!"

Akageuka kuniangalia. Mpira ukamkuta palepale, chini ya bega la kushoto.

"Umechomeka! Toka nje ya mchezo!" wavulana wakashangilia. Elsie akakaa chini, mkono kifuani. Mpira ulibingirika mpaka miguuni pangu. Ulikuwa wa matambara, umekazwa kwa kamba mpaka ukawa jiwe. Matambara yenyewe ni yale mabaki ya sketi za kijani ninayotupa mimi.

Fatu alifika kabla yangu. Alimbeba, leso inaburutika, anaita, "Sundus, simamisha tuktuk! Kimbia!"

Njia nzima Elsie alimshika Fatu shingo. Mimi nilishika kiatu chake kilichomtoka mguuni.

Hospitalini walikipima kile kimashine, wakampiga picha. Nyaya ziko sawa. Amevilia damu tu chini ya ngozi. Daktari yule yule akakaa kando yake kitandani. "Elsie, si nilimwambia mama uruke, ukimbie, ila usigongwe kifuani? Sasa mbona uende kwa mchezo wa kugongwa?"

Elsie akashangaa. "Mama alisema yote ni mbaya. Nikaona basi hakuna tofauti, nikicheza huu ama ule. Kwani bladda niliruhusiwa?"

Fatu akanigeukia. Hakucheka. "Mama Elsie. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini, mama?" Elsie akauliza.

Ningeweza kusema ni hofu, na daktari alikuwa tayari anatikisa kichwa kunihurumia. Nikasema, "Nilikuwa naona wivu ukicheka kwa kina Sundus."

Elsie akafikiria. "Kumbe watu wakubwa pia huona wivu?"

"Hao ndio wabaya zaidi," Fatu akamjibu.

Tulipotoka, mtoto alishika mkono wa Fatu. Nilitembea nyuma yao nimebeba sweta, na iliniuma, sitaficha.

Kwa hivyo nakuambia, mama mwenzangu: maneno ya daktari si yako peke yako. Mpe mtoto yote, vile yalivyosemwa. Mpe mwalimu. Mpe na yule jirani unayemuonea wivu, kwa sababu siku utakapokuwa mbali ni yeye atakayekimbia.

Elsie sasa anaruka kila jioni mlangoni kwa Fatu. Wivu haujaniisha. Kuna siku nazungusha cherehani kwa nguvu ili nisimsikie. Lakini juzi nilisimamisha gurudumu, kwa maana Sundus alikuwa anafukuza wavulana wenye mpira: "Nyinyi tokeni! Elsie hachezi kati! Elsie anaruka!"