Kalori Mia Mbili za Kaka

Watu husema nina roho ya kushuku. Sawa, ninayo, na wala sioni haya. Nimeshona nguo miaka kumi na tisa, na sijapata kumpima mteja asiyebana tumbo. Ukimzungushia utepe kiunoni tu, anavuta pumzi, anatazama dari, anajifanya mwembamba. Kata kitambaa kwa kipimo hicho uone siku ya kuchukua gauni atakavyokushukia. Kwa hiyo mimi huandika kipimo, kisha naongeza inchi moja kimyakimya. Hivyo ndivyo nilivyozoea kuishi na binadamu.

Basi Kaka alipoingia dukani kwangu jioni ile, jasho kidogo tu shingoni, akaninyoshea saa yake mkononi na kusema, "Fundi, leo nimeunguza kalori mia sita," nilimtazama tumbo kwanza. Tumbo lilikuwa palepale.

"Mia sita?" nikamuuliza.

"Mia sita. Saa haisemi uongo."

Saa haisemi uongo! Mwenye saa je?

Niseme mapema kwa nini tumbo la mtu mzima lilikuwa linaninyima usingizi. Sisi tumezaliwa watatu. Kaka ndiye mkubwa, mwoka mikate, ana mke na watoto wanne. Mimi ni wa kati. Wa tatu ni kitinda mimba wetu, fundi simu, anayeishi chumba cha nyuma hapo kwangu. Figo zake zote mbili zimegoma. Mara tatu kwa wiki anakwenda hospitali, anakaa kwenye kiti saa nne nzima, damu yake inapitishwa kwenye mashine, inasafishwa, inarudishwa. Akirudi hana nguvu hata ya kuvua viatu; namvua mimi. Mishipa ya mkono wake imeanza kukataa sindano, na wauguzi wameanza kuongea kwa sauti ya chini wakiniona.

Tulipimwa, mimi na Kaka, kuona nani anaweza kumpa figo moja. Damu yangu haikuingiliana na ya mdogo wetu. Nililia siku mbili. Ya Kaka iliingiliana. Tulishangilia pale koridoni mpaka tukafukuzwa. Lakini daktari wa upasuaji akampandisha Kaka kwenye mizani, ikasoma kilo mia na nne, akatikisa kichwa. Kwa unene ule kisu chenyewe ni hatari, alisema, na figo moja itakayobaki itaelemewa. "Fika tisini na tano ndani ya miezi mitatu, tutapasua. Usipofika, tutafunga faili, mtafute mtu mwingine."

Mtu mwingine yupi? Hatuna mtu mwingine. Kwa hiyo kilo tisa ndizo zilizosimama kati ya mdogo wangu na kaburi, na zote zilikuwa juu ya mkanda wa Kaka.

Kitinda mimba mwenyewe ndiye aliyemtafutia Kaka ile saa. Mteja mmoja aliitelekeza mezani kwake, yeye akaifufua, akaiweka sawa, akamvika Kaka mkononi. Inahesabu hatua, mapigo ya moyo na kalori. Na mtaalamu wa lishe wa hospitali akampa Kaka karatasi ya chakula na agizo jepesi: kila siku tembea mpaka uunguze kalori mia tano, ukizifikisha rudi nyumbani kapumzike.

Mwezi wa kwanza Kaka akapunguza kilo mbili. Mwezi wa pili, moja na nusu. Na kila jioni saa inasoma mia tano, mia tano na hamsini, mia sita! Jamani, zinakwenda wapi?

Nikaanza na mtaalamu wa lishe. Nilimbana ofisini kwake mpaka akachukua kalamu. "Hesabu yenyewe si ngumu, dada," akaniambia. "Chukua uzito wake kwa kilo. Zidisha kwa saa alizotembea. Kisha zidisha kwa namba ya zoezi. Kutembea kwa kawaida ni kama tatu na nusu, kutembea kwa haraka kama nne, kukimbia polepole saba. Lakini haya ni makadirio tu. Miili haifanani."

Nikarudi dukani, nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya kukatia mikono ya shati. Kilo mia na moja, mara saa moja, mara nne. Mia nne na nne. Nikampa na nyongeza kidogo, kwa kuwa ni ndugu yangu. Bado zilipungua karibu mia mbili. Kila siku ya Mungu, Kaka alikuwa na kalori mia mbili ambazo hakuna mtu aliyeziunguza.

Wazo likaniingia, likakaa. Kaka hataki kutoa figo. Hawezi kusema hataki, maana ataonekana mnyama. Basi anazungushazungusha mkono, saa inahesabu, siku zinakwenda, daktari anafunga faili, na yeye anatoka msafi: nilijaribu jamani, mwili ulikataa.

Usinicheke. Mtu anayeshinda katikati ya mikate ya moto halafu hapungui, wewe ungefikiri nini?

Nikamfuata. Nilifunga duka saa kumi alasiri, nikajifunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi, nikajibanza nyuma ya kibanda cha fundi viatu kando ya uwanja wa mpira. Kaka akaja. Akaanza kuuzunguka uwanja. Alitembea kwelikweli, lazima niseme haki, mikono inakwenda, shati limelowa mgongoni. Nikasubiri atoe kitu mfukoni ale. Hakutoa. Nikasubiri akae. Hakukaa. Zilipopita kama dakika hamsini akatazama saa, akatabasamu peke yake, akaenda zake nyumbani.

"Unamvizia nani?" fundi viatu akaniuliza.

"Kaka yangu."

"Amekuibia?"

"Bado sijajua," nikasema.

Mtu mwingine angetosheka. Mimi nikajisemea, labda aliniona, ndiyo maana akatembea vizuri.

Kesho yake mchana nikaenda kwa wifi, mke wa Kaka. Waoka mikate huamka alfajiri na hulala mchana, kwa hiyo Kaka alikuwa anakoroma chumbani na saa ilikuwa juu ya kabati. Nikaiomba. Wifi akanitazama kwa macho mekundu, ya mtu aliyetoka kulia au kukata vitunguu, sikuuliza.

"Unamtafuta nini mume wangu?" akasema.

"Namtafutia kilo zake."

"Anakula ninachompimia. Saa ikisema amezidisha, ananiomba kipande kimoja zaidi, nampa. Tumeambiwa saa ndiyo mwongozo." Akaniwekea saa mkononi. "Irudishe kabla hajaamka. Na wifi, ukimaliza kumpima yeye, ujipime na wewe."

Hilo tungekuja kulimaliza siku nyingine.

Nikaivaa, nikaenda uwanjani, nikatembea kwa mwendo uleule aliotembea Kaka. Saa moja kamili. Mimi nina kilo sitini na nane. Kwa hesabu ya mtaalamu ilipaswa isome kama mia mbili na sabini. Nikaitazama. Mia sita!

Nilisimama pale katikati ya njia watu wananipita. Basi si mkono wa Kaka uliodanganya. Saa ilikuwa inamhesabu mtu mwingine kabisa, mtu mzito kuliko sisi sote. Fundi akiona suruali haikai, anarudi kwenye kipimo alichoandika. Nikakaa kwenye ngazi za uwanja, nikaanza kubonyeza. Mapigo. Hatua. Usingizi. Mwisho nikaufikia ukurasa wa mwenye saa. Umri, arobaini na sita, sawa. Urefu, sawa. Uzito: kilo mia na hamsini.

Mia na hamsini mara nne, mia sita. Hesabu ilikaa kama kishikizo na tundu lake.

Loo, nilivyowaka! Kumbe hakuhitaji hata kuzungusha mkono. Aliandika uongo mara moja tu, akaiacha saa imdanganyie kila siku. Anatembea kidogo kuliko anavyopaswa, anakula kipande cha ziada, na anapata ushahidi mkononi. Siku ishirini na sita ndizo zilizobaki. Sikuirudisha saa kwa siri kama wifi alivyoniomba. Nilimpelekea mkononi, nikamwambia, "Ukitoka kutembea leo, pitia kwangu. Nina neno." Na uzito ule sikuugusa. Ushahidi hauguswi.

Akapitia. Kitinda mimba alikuwa ametoka kwenye mashine siku ile, amelala ubavu kitandani, bandeji mkononi. Kaka akakaa kwenye kiti cha plastiki, akanyosha saa yake kama kawaida. "Mia tano na ishirini," akasema kwa furaha.

"Ya nani?" nikamuuliza.

"Yangu, ya nani tena?"

"Wewe una kilo mia na hamsini?"

Akacheka. Nikamshika mkono, nikabonyeza, nikamwonyesha. Kisha nikamwaga yote. Nilimwambia ni mwoga. Nilimwambia angesema tu hataki, tungejua moja, tukatafute kwingine, kuliko kumwacha mdogo wetu anahesabu siku huku yeye anashiba. Nilimwambia mama angekuwa hai angemkana. Nilisema hayo mbele ya mgonjwa, tena kwa makusudi, ili asikie.

Kaka alikuwa amekodolea saa macho. "Mimi sijui hata kuweka kengele ya kuniamsha," akasema taratibu. "Nani kaandika hii? Mimi nilivikwa tu. Niliambiwa iko sawa." Akanyanyua uso. Hakunitazama mimi. Alikitazama kitanda.

Na mimi nikageuka. Mdogo wangu alikuwa ameupa ukuta uso.

Jamani. Nilikuwa nimeshuku watu wote. Kaka, wifi, mtaalamu wa lishe, hata fundi viatu nilimshuku kidogo. Yeye sikumshuku.

"Ni wewe?" nikasema.

Akajigeuza kwa shida. "Nilitaka siku ziishe," akasema. "Apungue kidogo, apate afya yake, lakini asifike. Mimi sitaki akatwe kwa ajili yangu, Dada."

"Si ungesema!"

"Nimwambie nani, wewe? Ungenila nyama. Niliona bora mizani ikatae kwa niaba yangu." Akavuta pumzi. "Siku ya vipimo ulikuwa unashangilia koridoni. Mimi nilimwona Kaka baadaye, yuko peke yake kwenye benchi, amelishika benchi kwa mikono miwili, anatetemeka. Ana watoto wanne. Wifi analia kila siku, wewe huoni. Umempima kiuno, umempima hatua, umemfuata hadi uwanjani, fundi viatu kaniambia. Hujamuuliza hata siku moja kama anaogopa."

Ni kweli. Nilimtaka huyu apone kiasi kwamba yule nilimwona kama kitambaa tu, cha kukata. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamgeukia Kaka. "Unaogopa?"

Alikuwa anasugua magoti yake, mikono mikubwa ya unga. Hakubana tumbo wala hakutazama dari.

"Naogopa sana," akasema. "Naogopa kulala pale nisiamke. Naogopa tangu siku ya kwanza." Kisha akamtazama mdogo wetu. "Na natembea tangu siku ya kwanza. Ulidhani natembea kwa sababu ya huyu fundi na kelele zake?"

Kitinda mimba akafunika uso kwa mkono wenye bandeji. Mabega yakamtikisika. Hatukumgusa, hapendi kuguswa akilia, tangu mtoto. Tulikaa tu, watatu, na mimi pia machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Mwishowe akajifuta kwa shuka. Akanyosha mkono.

"Lete saa."

Kaka akaivua, akampa. Vidole vya mgonjwa vilijua njia. Alifika kwenye ule ukurasa kwa kubonyeza mara mbili.

"Leo una kilo ngapi?"

"Chini ya mia," Kaka akasema.

"Chini kiasi gani? Sema sawasawa."

"Tisini na tisa na nusu. Nilipima asubuhi kwenye mizani ya unga."

Akafuta mia na hamsini. Akaandika tisini na tisa na nusu, akasubiri, akasoma hesabu mpya. Kisha akamvika Kaka mwenyewe, akakaza mkanda tundu moja zaidi.

"Rudi uwanjani," akamwambia. "Leo hujafika."