Rafu ya Unga

Watu husema ukishampata fundi mwaminifu, shida ya nyumba imekwisha. Waongo hao. Kamuulizeni Mboje wa Bariadi.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia na malori yao kugombea pamba, mkulima akawa analipwa palepale kwenye mizani. Kila mwenye akili akanunua bati. Mboje naye akanunua bati, akapata na kiwanja pembeni mwa mji, si mbali na kwa mama yake. Milembe, mkewe, hakupiga vigelegele. Miaka kumi na moja alikuwa akipika katika jiko la mama mkwe, Bibi Nyanjige, ambako hata chumvi aliiomba. Alimwambia mumewe kwamba hataki sebule wala makochi. Anataka jiko lake mwenyewe, na analitaka kabla ya mvua. Mboje akaapa kwamba mvua ya mwaka huo itamkuta ndani ya nyumba yake.

Fundi wa kwanza aliitwa Marcelo. Fundi maneno! Alijua kusifia kiwanja, akajua kusifia hata kofia ya Mboje. Alipofikisha ukuta usawa wa madirisha, Mboje alikwangua kwa spoku ya baiskeli katikati ya matofali, udongo ukamwagika kama pumba. Saruji yote ilikuwa imeuzwa kwa mlango wa nyuma. Ukuta ukabomolewa, na Septemba ikawa imekwenda hivyohivyo.

Ndipo kila aliyeulizwa akataja jina moja: Januarius. Mwinjilisti alimtaja, muuza mbao alimtaja, hata Marcelo mwenyewe, alipobanwa, alimtaja. Jioni Mboje alipomwambia mkewe, Milembe akaacha kupeta mchele.

"Ni mtu wa kwetu Lalago," alisema. "Hata msumari ukibaki anakurudishia. Lakini nakwambia mimi, usije ukaambiwa sokoni. Aliwahi kuja kwetu kuniposa. Baba alimkataa, ng'ombe zake zilikuwa chache."

Mboje akacheka. Akasema hayo ni ya kale, nani ana habari nayo. Alicheka mdomoni tu, moyo ulikuwa unafukuta. Siku zote alijivunia zile ng'ombe ishirini alizompelekea baba mkwe. Leo kwa mara ya kwanza alijiuliza kama Milembe alimkubali yeye, au baba yake alizikubali ng'ombe. Na hilo swali, baba wee, lilimwingia kama mwiba wa mgunga.

Akamwajiri Januarius. Angefanyaje, na mawingu yameshaanza kujikusanya? Lakini siku ya kwanza alifika kiwanjani na kigoda chake, akakiweka kivulini, akakaa. Siku ya pili akakaa. Palizi ya mihogo ikamngoja, ng'ombe wakachungwa na watu wengine, na yeye amekaa. Alisema anasimamia kazi. Vibarua walijua anasimamia nini, wakawa wanakonyezana.

Januarius alikuwa mtu mfupi, mpole, asiye na maneno. Asubuhi alisalimia Kisukuma, "Mwangaluka bhabha", akaning'iniza timazi yake ya kunyooshea ukuta, akaanza. Milembe alileta maji na unga, akapika chakula cha mchana palepale kwenye mafiga matatu pembeni mwa kiwanja. Januarius alipokea sahani, akamwita mama Winnie kwa jina la mtoto wa Mboje, akashukuru, akaenda kula na vibarua. Mboje alihesabu maneno waliyosemezana. Siku moja yalikuwa saba, akakosa hamu ya kula.

Alitafuta kosa, kosa likakataa kuonekana. Alipiga pimamaji mwenyewe kila ukuta, na kila ukuta ulikuwa sawa. Alihesabu mifuko ya saruji, mifuko ilitimia. Ajabu ya mwenye kijiba cha roho ni hii: kila uaminifu wa yule bwana ulizidi kumuuma. Mwizi angeweza kumfukuza. Mwema amfanyeje?

Halafu Januarius akajenga jiko. Akalinyanyua kwa matofali hadi kiunoni, sufuria mbili, mdomo wa kuni mbele. Na pembeni akajenga rafu ndogo ya kuwekea unga. Mboje alipoiona, karibu acheze. Mtu husonga ugali kwa mkono wa kulia na kumwaga unga kwa wa kushoto, kwa hiyo rafu ya unga hukaa kushoto. Jiko la Bibi Nyanjige liko hivyo, na mengine yote aliyoyajua. Hii ilikuwa kulia.

Akawaita vibarua wote waje waone. Akasema, huyu ndiye fundi mnayemsifia mpaka makanisani? Ameweka rafu kinyume.

"Si kinyume," alisema Januarius. "Mama Winnie anasonga kwa kushoto."

Vibarua wakatazama chini. Mboje alihisi damu yote inapanda masikioni. Mkewe ni wa mashoto? Mke wake, anayempa sahani kwa mkono wa kulia kila siku ya Mungu? Na huyu anajua!

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Jibu gani hilo la kumpa mwenye wivu! Mboje akaamuru rafu ivunjwe. Januarius akasema jiko ni la mama Winnie, akisema yeye ivunjwe, ataivunja. Mboje hakungoja. Alishika nyundo, akaipiga ile rafu mapigo matano, hata matofali ya jiko yakatikisika. Januarius akanawa mikono, akakusanya vyombo vyake, akaenda zake. Vibarua wakamfuata.

Mboje alifika nyumbani jua likiwa bado halijatua. Milembe alikuwa katika jiko la mama mkwe akiandaa ugali. Akamuuliza, hata kukaa hajakaa: Januarius amemjulia wapi mkono wake, Lalago? Milembe hakuacha kusonga.

"Kwetu hakuwahi kuniona nikipika. Alikuja na wazee wake, wakajibiwa, wakaondoka," alisema. "Ameniona pale kiwanjani, baba Winnie. Nanyi mlikuwepo wote wawili. Yeye alinitazama mimi nafanya kazi, ili ajue ajenge nini. Wewe ulikuwa unamtazama yeye."

Ndipo Mboje naye akamtazama mkewe.

Mwiko ulikuwa kushoto. Rafu ya unga ya Bibi Nyanjige ilikuwa kushoto pia, basi kila alipotaka unga Milembe aliupitisha mkono wa kulia juu ya ule wa kushoto, akajikunja, moshi ukampiga usoni. Mguu wake wa kulia ulikaza figa ili sufuria isicheze. Ugali ulipoiva akapakua, akahamisha sahani mkono wa kulia, akampa mumewe kwa heshima kama alivyofunzwa. Miaka kumi na moja ya ugali, na Mboje hakuwa ameona ila sahani. Wivu haukuwa umemtoka, tena ulikuwa umezidi: mtu wa siku tisa alikuwa amemjua mkewe kuliko yeye.

Asubuhi alimfuata Januarius kwake. Hakuomba radhi vizuri, maana hakuwa na mazoezi. Alisema tu kwamba mvua iko karibu na ile rafu irudi ilipokuwa. Januarius akamtazama, akachukua vyombo vyake, akawaita na vibarua.

Pale kiwanjani fundi akasema kimo cha rafu amekisahau, na mama Winnie hajafika. Je, mkono wake wa unga unaishia wapi? Vibarua wakangoja. Mboje akavua kofia. Akasimama mbele ya jiko lililovunjwa rafu, akainama, akashika hewa kwa mkono wa kushoto, akaanza kusonga, dume zima la ng'ombe ishirini, huku mkono wa kulia ukichota unga ambao haupo.

"Hapa," alisema. "Unaishia hapa."

Januarius akaweka alama kwa penseli. Vibarua waliuma midomo wasicheke. Ndipo Mboje akageuka, akamkuta Milembe amesimama na ndoo ya maji kichwani, machozi yanamtiririka na ndoo haiyumbi.

"Na mguu, baba Winnie," alisema. "Umesahau mguu."