Majani Shingoni mwa Soi

Siku ambayo Wanzala alitoka nyumbani asirudi, ng'ombe wake ndiye aliyetangulia kurudi.

Ilikuwa Jumanne, mwaka wa tisini na mbili, saa saba mchana, kule Lugari. Priscah alikuwa uani akipukuchua mahindi aliposikia lango likigongwa. Akainua macho. Kiplagat, jirani yao wa ng'ambo ya mto, alikuwa akimfunga Soi kwenye nguzo, ndama ubavuni mwake.

"Baba Kibiwott, karibu uji!" Priscah akaita.

Mzee hakuitika. Alimpiga Soi kofi dogo begani, kama mtu anayeagana na mtoto wa shule, akateremka zake mtoni bila kugeuka.

Priscah alisimama na bunzi mkononi. Soi alikuwa ng'ombe wa Wanzala, aliyemnunua kwenye soko la Soi na kumpa jina la soko lenyewe, lakini kwa miaka minne alikuwa akilala katika boma la Kiplagat. Hivyo ndivyo wanaume wa pande zile walivyofunga urafiki. Unampa mwenzako ng'ombe akutunzie. Maziwa yanakuwa yake, ndama wako. Ukitaka ng'ombe wako unaenda mwenyewe kumchukua, kwa siku mliyokubaliana, mkiisha kukaa na kunywa. Anayekuletea ng'ombe langoni bila neno ni kama amekutemea mate usoni.

Shingoni mwa Soi palikuwa na majani mabichi yaliyosokotwa. Priscah aliona ni michezo ya watoto. Akayafungua, akamtupia ndama, kisha akaenda kumwita mumewe shambani.

Wanzala alimzunguka Soi mara mbili, kama mtu anayetafuta jeraha.

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Hata salamu hakuitikia."

"Kiplagat huyu huyu?"

"Kwani tuna Kiplagat wangapi?"

"Miaka kumi na miwili," Wanzala akasema. "Nimemkosea nini huyu mtu? Hapana, mama Sylvia, siwezi kulala na hili. Naenda kumuuliza. Weka maji ya ugali, nitarudi kabla hayajachemka."

Akashuka mtoni na gumbuti, viatu vyake vya mpira vya shamba, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani, ule ule mmoja, ambao katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuufikisha mwisho.

Maji yalichemka. Priscah akayaongeza, yakachemka tena. Kabla jua halijashuka, moshi ulianza kupanda kutoka mabanda ya mahindi ya majirani wa juu, na watu wakaja wakikimbia na watoto migongoni. Wakampita wakipiga kelele, "Toka! Wanachoma! Toka!" Alimshika Sylvia mkono mmoja na kamba ya Soi mkono wa pili, akaifuata barabara kama wengine. Sufuria aliiacha mekoni.

*

Miaka minne ikapita. Priscah aliishi Kabras, nyumbani kwa Osundwa, ndugu mkubwa wa mumewe, katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na miwa pande zote. Hakuizoea miwa. Ilimzibia macho. Alikuwa mtu wa mahindi, mtu wa asubuhi za baridi ambapo ukitoka nje unaona shamba lako lote mpaka mtoni, na ng'ambo ya mto moshi wa jiko la Jepkemboi, mke wa Kiplagat. Siku ambayo moshi ule haukuonekana, alikuwa anamtuma mtu akaulize kama mwenzake ni mgonjwa.

Mambo aliyoyakumbuka hayakuwa makubwa. Alikumbuka kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, kilichokuja kila Jumapili na kurudi na unga. Alimkumbuka Wanzala akikimbia nyuma ya baiskeli, amemshikia Kibiwott, mtoto wa Kiplagat, kiti, akimdanganya, "Nimekushika, nimekushika!" huku ameshamwachilia zamani. Alikumbuka wanaume wawili na redio moja, wakibishana juu ya mpira ambao hata mmoja wao hakuwahi kuucheza. Siku Kiplagat alipoonja ingokho, kuku aliyepikwa na Priscah kwa mikono yake, alisema, "Mama Sylvia, mimi nikifa, nizikwe karibu na jiko lako." Wakacheka mpaka Jepkemboi akamwaga chai.

Alipofika hapo katika kukumbuka, Priscah alikuwa anasimama na kutafuta kazi ya mikono. Hakujua la kufanya na kicheko kile. Mtu aliyecheka hivyo ndiye aliyekata urafiki mchana, na kabla ya jioni moto ukaja.

Sasa Osundwa alikuwa ameweka siku. Mtu aliyepotea bila mwili kupatikana hufanyiwa maziko ya shina la mgomba. Linakatwa shina, linafunikwa kwa shuka, linalala kaburini badala yake, watu wanalia, wanamaliza.

"Shemeji, miaka minne," Osundwa alimwambia. "Ndugu yangu anazungukazunguka huko bila mahali pa kukaa. Na wewe pia unazunguka. Tumalize."

"Niambieni alipo, nitamaliza."

"Nani atakuambia? Moto?"

"Mgomba hauvai gumbuti, shemeji. Silii mgomba."

Osundwa alitikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alisema mgomba utazikwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Priscah alie asilie.

*

Wiki hiyo hiyo ndipo Lynette alipofika. Alikuwa msichana wa mjini Kakamega, mwembamba, amevaa suruali, na nyuma yake alikuja Clifford akiwa amebeba kamera begani. Lynette alisema wanatengeneza filamu kuhusu moto wa Lugari.

"Mama, moto wenyewe watu waliupiga picha," alisema. "Mimi nataka kujua ulikoanzia. Watu waliokaa pamoja miaka kumi, ishirini, iliwaingiaje?"

Osundwa alikuwa mlangoni, amejiegemeza. "Na mkishajua mtatulipa mahindi yetu? Ama mtatuonyesha kwa televisheni tukilia, wazungu watuonee huruma?"

"Mzee, televisheni yenyewe hata mimi sina," Clifford akasema. "Naangaliaga kwa jirani, na akinuna anazima."

Osundwa akacheka bila kutaka, akaagiza waletewe viti.

Priscah aliitazama kamera kwa muda. Kisha akasema atazungumza, lakini kwanza wamfanyie kazi moja.

"Vukeni mto. Mtafuteni Kiplagat. Mwulizeni kwa nini alimrudisha Soi. Na mwulizeni mume wangu alimfikia, au hakumfikia. Mkija na jibu, nitakaa mbele ya hicho kitu chenu mpaka mchoke."

Lynette alikubali. Walipoondoka Priscah alimkumbusha tena langoni, kama mama anayemtuma mtoto dukani: maswali mawili, la ng'ombe na la mtu.

*

Walirudi baada ya siku tisa. Clifford aliteremsha televisheni ndogo, akaiunga kwenye betri ya gari, wakafunga dirisha ili picha ionekane. Ndani walikuwa watano, pamoja na Osundwa na Sylvia, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na minne na alimzidi mama yake kwa urefu.

"Kiplagat hatukumkuta, Mama," Lynette alisema. "Alikufa mwaka juzi. Lakini mkewe amesema. Ukitaka nizime, niambie."

Jepkemboi akatokea kwenye kioo. Alikuwa amezeeka. Alikaa kwenye kigoda kile kile, na nyuma yake Priscah aliuona mlango aliouingia mara mia.

"Walikuja watu na lori," Jepkemboi alikuwa akisema. "Si watu wa hapa. Walifanya mkutano kule dukani, wakagawa makaratasi. Wakasema hii ardhi yote ni yenu, hao ng'ambo ni wageni, dawa yao ni moto tu. Sisi wazee tulicheka. Wageni gani? Mimi nilikuja hapa nikakuta Priscah akinisubiri na chai. Lakini vijana hawakucheka. Waliwachukua, wakakaa msituni wiki mbili. Kibiwott wangu akarudi hasalimii watu. Anaangalia tu chini. Nikajua huyu wamemfanya kitu."

Sauti ya Lynette iliuliza kwa nini hawakuwaonya majirani.

"Waliwaapisha wanaume wote. Mwenye kutoa neno nje, nyumba yake ndiyo ya kwanza. Mzee wangu hakulala siku tatu. Halafu akasema, kutoa neno nimekatazwa, lakini ng'ombe si neno. Akamfunga Soi majani shingoni. Kwetu sisi, mtu akikujia na majani ni amani. Hana ubaya na wewe. Ng'ombe arudi ghafla, na majani shingoni: ubaya unakuja, lakini hautoki kwangu. Wanzala alikaa na sisi miaka hiyo yote, anasema lugha yetu kutushinda. Alijua majani. Mzee wangu alisema, akiona tu, atachukua mke na mtoto na kuondoka."

Jepkemboi akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani.

"Lakini alikuja. Akasimama hapo kwa mlango akiuliza, 'Nimekukosea nini?' Tukashangaa. Tukasema basi, ameyaona majani akayadharau. Mzee wangu akamshika mkono amrudishe haraka mtoni. Vijana walikuwa wameshafika pale. Wakamsukuma mzee wangu kando, wakamwambia yeye ni mwanamke."

"Kibiwott alikuwepo?" Lynette aliuliza.

"Sisemi alikuwepo. Sisemi hakuwepo. Alitoka nyumbani siku hiyo mpaka leo hajarudi, sasa nimuulize nani?" Akaangalia pembeni, kisha akarudi kutazama kamera. "Asubuhi tulishuka sisi wawili, tukamzika. Ni chini ya miti ya wato, juu kidogo ya daraja la mbao. Mzee wangu alipanda katani tatu kichwani pake. Gumbuti tulimwachia miguuni. Mkimwona Priscah mwambieni, yule mtu hakulala nje. Usiku mmoja tu."

Clifford akazima. Nje Soi alilia mara moja. Ulikuwa wakati wake wa kukamuliwa.

Osundwa alikohoa. "Sasa majani hayo... ndugu yangu hakuyaona? Yalianguka njiani?"

Priscah alikuwa akiviangalia viganja vyake.

"Mwanangu," akamwambia Lynette, "weka kamera yako."

"Si lazima iwe leo, Mama."

"Weka."

Walitoka uani kufuata mwanga. Clifford alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akambandika Priscah maikrofoni kwenye ukosi wa gauni, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Lynette alikaa chini, kando ya kamera.

"Naitwa Priscah, mke wa Wanzala," akaanza. "Wewe mwanangu uliuliza mambo haya yalianzia wapi. Mama Kibiwott amesema la lori na makaratasi. Hilo mimi siwezi kuliongeza. Nitasema langu. Majani hayakuanguka. Yalifika mpaka langoni kwangu, mabichi, yamesokotwa vizuri. Niliyafungua kwa mikono hii nikampa ndama. Nilikaa na wale watu miaka kumi na miwili. Nilijua mapishi yao, nilijua majina ya mbuzi wao. Maana ya majani sikuijua, na sikumwambia mume wangu kwamba yalikuwepo. Nilimwambia tu kwamba mtu hakuitikia salamu."

Sylvia alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Miaka minne nimemchukia mzee ambaye alijaribu kuniokoa. Na yeye amekufa akidhani tulimdharau. Hilo ndilo naomba lifike huko. Mama Kibiwott, hatukuyadharau. Wanzala hakuyaona. Angeyaona, angenyamaza, angefunga mizigo."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, kimya, bila uso kubadilika, na Clifford akageuza macho ingawa kamera iliendelea.

"Naweza kuifuta, Mama," Lynette alisema baadaye, akikunja nyaya. "Haitaharibu filamu. Hakuna atakayejua."

"Usifute. Hata hiyo filamu sijui itafika wapi. Lakini hiki kipande mpelekee yule mama akione. Kesho, kama gari lina mafuta."

"Na watu wakikulaumu?"

"Wanilaumu. Mimi sijui kuongea na mtu ng'ambo ya mto kwa njia nyingine."

Lynette alipeleka. Aliporudi Jumatano hakuwa na mkanda mwingine, kwa maana Jepkemboi hakutaka kurekodiwa. Alikuwa ametazama mpaka mwisho, akaomba arudishiwe pale Priscah aliposema "angefunga mizigo," akatazama tena. Kisha akaingia ndani na kutoka na kibuyu cha maziwa kilichozibwa vizuri, na neno moja: aje kumchukua mtu wake.

Priscah alikifungua kibuyu jikoni, akanusa ule moshi wa mti wanaoutumia kusugulia vibuyu, akakaa chini. Harufu ya Jumapili. Akammiminia Sylvia kikombe, naye akanywa cha kwake polepole. Alipokiosha kibuyu alikijaza unga.

Osundwa alikwenda mwenyewe kwa jirani kurudisha panga aliloazima la kukatia mgomba. Kaburi limechimbwa tayari nyuma ya nyumba, limefunikwa kwa mabati. Jumamosi, saa tatu asubuhi, Priscah, Sylvia na Osundwa watashuka kwenye daraja la mbao, na Jepkemboi atakuwa upande wa pili akiwangoja.