Mama B. wa Matungu

Mfuko wa utafiti ulikuwa na sharti moja ambalo Musimbi hakulitilia maanani alipokuwa akiandika: kabla ya fedha kutolewa, ombi lisomwe mbele ya watu wanaotajwa ndani yake. Ndiyo sababu Bi. Chepkemoi, mjumbe wa mfuko huo, alikuwa amesafiri kutoka Nairobi hadi Matungu. Sasa alikuwa ameketi mkekani uani kwa Hamida, viatu amevivua kando, akisubiri pamoja na akina mama wa kijiji.

Musimbi alizishika karatasi kwa mikono miwili. Lilikuwa ombi lake la kwanza tangu ahitimu. Likikubaliwa, angeongoza utafiti wake mwenyewe kuhusu malaria ya watoto, naye Daktari Erastus, mkuu wake kule Kakamega mjini, angeacha kumwita "yule msichana wa kujaza dodoso." Likikataliwa, kibarua chake kingekwisha pamoja na mwaka huo wa tisini na sita.

"Tusomee, daktari wetu," wakamwambia. Hakuwa daktari, na alikuwa amechoka kuwasahihisha.

"Nisome kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiluhya!" akadakia Swafia, mke mwenza wa Hamida. "Hata kama ni hicho chenu cha Shinyalu, cha kuongeleshanga nyani msituni."

Walicheka wote. Bi. Chepkemoi, aliyezaliwa Kericho na asiyejua neno la Kiluhya, alicheka kwa kuwaona wakicheka. "Soma kwa lugha yao," alisema. "Mimi nimeshalisoma kwa Kiingereza."

Musimbi alishusha pumzi, kisha akaona haya kwa kuishusha. Alijua kilichokuwa ukurasa wa kwanza.

Katika semina ya kuandika maombi, Daktari Erastus aliwafundisha mambo mawili. La kwanza: mfadhili haanzi na takwimu, mpe mtu mmoja wa kumlilia. La pili: usiende buchani kuomba samaki. "Mwaka huu mfuko huu unatoa fedha za kuelimisha akina mama," alisema. "Hautoi za dawa. Basi shida yako iwe elimu."

Mtu huyo wa kumlilia, Musimbi alikuwa naye. Masika yaliyopita, Bilal mwana wa Hamida alipofariki, Musimbi, aliyezoea kulala kwao akija kujaza dodoso, alikuja kuhani na kulala matangani. Hamida alimsimulia yote. Homa ilipopanda alimfunga mtoto mgongoni, wakafika zahanati kabla haijafunguliwa. Dawa hakuna. Wakaambiwa waende Mumias. Mtoto akakata roho njiani, katikati ya mashamba ya miwa. Musimbi alilia naye mpaka leso moja ikawalowea wote wawili.

Kisha akaenda kuandika hivi: Mama B. wa Matungu alimpeleka mwanawe kwa mganga kwanza, kwa kutojua dalili za malaria.

Alidhani herufi moja ingetosha kumficha. Kila aliporudia sentensi ile ilimchoma, naye akajituliza kwamba fedha zikipatikana zitaokoa watoto wengine, na kwamba watoto ndio muhimu.

Sasa, kwa Kiluhya, aliiruka. "Mama mmoja alimpoteza mtoto kwa malaria," alisema. "Hatutaki mwingine ampoteze wake." Wanawake wakaguna kwa huruma. Hamida akajifuta macho kwa ncha ya buibui. Walipoulizwa kama wanakubali, waliitikia kwa sauti moja na kupiga makofi.

Bi. Chepkemoi alifurahi. "Na mwenyeji wetu huyu anaitwa nani, nimshukuru?"

"Mama Bilal," alijibu Swafia.

Mgeni aligeuka, akaushika mkono wa Hamida. "Bilal! Basi ndiwe Mama B. Pole sana, mama. Usijilaumu. Wengi huanza kwa mganga kwa kutojua. Tukishawafundisha, siku nyingine mtoto utamkimbiza hospitali mapema."

Swafia alifumbua kinywa, Hamida akamgusa goti. Kisha akamtazama Musimbi, bila hasira, kama anayeuliza kama amesikia vizuri. Katika boma lile mgeni haaibishwi akiwa mkekani, wala mtoto wa nyumba, kama Musimbi alivyohesabiwa, hafichuliwi mbele ya mgeni aliyekuja kwa ajili yake.

"Ni kweli," Hamida alisema kwa Kiswahili. "Tulikuwa hatujui. Mtatufundisha, inshallah."

Ilibaki Musimbi anyamaze tu, na fedha zingetoka.

"Si kweli," alisema. "Alienda zahanati kwanza, dawa hazikuwepo. Habari ya mganga nimeitunga mimi."

Bi. Chepkemoi aliuachia mkono wa Hamida polepole. "Kumbe shida ni dawa?"

"Ndiyo."

"Na ulijua mfuko wetu hauna fedha za dawa."

"Nilijua."

Mgeni alivuta viatu vyake. "Nitaandika kwamba umeliondoa ombi mwenyewe. Nikiandika kwamba ulitunga, hakuna atakayesoma kazi yako tena." Aliwaaga akina mama kwa adabu, akakataa kungoja chakula, akaingia garini.

Wanawake walijikusanya wakaondoka. "Huko kusoma kwingi," Swafia alisema akipita, "kumbe mnasomeanga kututukana?"

Musimbi alipiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Ungenyamaza," alisema Hamida.

"Nisingeweza kukuacha ubebe..."

"Nilikuwa nimeshabeba! Nimejiita mjinga mbele ya wenzangu ili wewe upate kazi, na hawa watoto wapate hata hayo mafunzo, pengine na neti. Sasa nimejiita mjinga bure."

"Lakini ulikuwa uongo."

"Uongo ulikuwa wako. Mimi nilikuwa naufukia."

Hamida aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na obusuma, ugali wa moto, na bakuli la ingokho, kuku aliyekuwa amepikiwa mgeni. Akaviweka mbele yake, akammiminia maji ya kunawa.

"Baba Bilal yuko kwa miwa," alisema. "Akishuka kwenye baiskeli atakuwa ameshasikia njiani kwamba imeandikwa mtoto wake alipelekwa kwa mganga. Utamwambia wewe ulivyoandika, si mimi. Kula kwanza."

Musimbi alimega tonge. Alilichovya mchuzini, akalimeza, akamega jingine kwa kuwa Hamida alikuwa bado amesimama pale akimtazama. Kila baiskeli iliyopita nje ya ua ilimfanya aache kutafuna.