Hongera kwa Profesa Wako

Saa nne asubuhi Sietske aliingia idara ya nyota amebeba pai ya tufaha, kwa kuwa kwao Uholanzi mwenye furaha ndiye anayewanunulia wenzake. Galaksi yake ilimfuata nyuma. Ilikuwa ndogo, upana wa sahani ya chai, na tangu aigundue peke yake kwenye picha za darubini ilikuwa ikimzunguka jikoni kwake. Mlinzi aliishikia mlango mpaka ikapita.

Viti vilikuwa vimepangwa duara kama desturi. Sietske alitaka kitu kimoja tu: galaksi ile iitwe kwa jina lake.

Akaingia mkuu wa idara, Profesa Terpstra, mtu mzito kwa mwili na kwa cheo. Alipoketi tu, galaksi ilimwacha Sietske ikaanza kumzunguka yeye, na kila ilipozunguka ilidondosha nyota mabegani mwa koti lake. Hakuna aliyeshangaa. Wote pale walikuwa wakifundisha kila mwaka kwamba kizito huvuta chepesi.

Kwao pia hapongezwi mwenye sherehe peke yake. Walio karibu naye nao hupongezwa, kwa ajili yake. Basi wageni wakapita kwenye duara wakipeana mikono.

"Hongera, Profesa, kwa galaksi!"

Wakafika kwa Sietske. "Hongera, Sietske, kwa profesa wako!"

"Lakini mimi ndiye niliyeiona," alisema.

"Si ndiyo maana tunakupongeza?" alijibu Jorrit, katibu wa idara, mdomo umejaa pai. "Acha uchoyo, dada. Kuna wenzako hawana hata profesa."

Iliuma, tena sana. Galaksi ilipopita karibu yake alinyoosha kiganja, nayo ikapunguza mwendo, ikataka kutua. Terpstra akasogeza kiti apate kipande cha pili. Galaksi ikamfuata.

"Profesa, nirudishie."

"Kwani nimeishika?" Terpstra alionyesha mikono yake, mitupu isipokuwa uma. "Inakuja yenyewe, mama."

Kahawa ya pili ilipomiminwa galaksi ilikuwa imekwisha. Profesa aling'aa kuanzia kwenye kola hadi viwikoni, na wote wakakubaliana kwamba koti limempendeza. Sietske akakusanya vikombe.

Tangazo lilitoka Ijumaa: Galaksi ya Terpstra. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, Sietske alishukuriwa kwa pai.