Nguva wa Jumapili

Deisy Rumondor alikuwa na miaka kumi na tisa alipofundishwa kuzamia na Fentje Wangko, mwenye nyumba ya wageni upande wa mashariki wa kisiwa. Hawakuwa ndugu wa damu, ila baba yake Deisy alipofariki, Fentje alimchukua kama mtoto wa dada yake, naye akawa anamwita Mjomba. Alimnunulia mapezi yake ya kwanza. Siku hewa ilipomkatikia Deisy mita ishirini chini ya maji, Fentje, kwa mkono wake wenye chale ya pweza, alichomoa kifaa cha kupumulia mdomoni mwake mwenyewe akampa, wakapanda juu polepole wakipokezana pumzi. Tangu siku ile Deisy hakuwa na la kumficha.

Ndiyo maana alipomwona nguva alimwambia yeye peke yake.

Alikuwa anatafuta mkanda wa vyuma vya uzito ulioangushwa na mgeni, akaingia kwenye kihori, ghuba ndogo nyuma ya mwamba, mahali wageni hawapelekwi kwa kuwa hakuna matumbawe, ni mchanga na nyasi tu. Akamkuta pale, mkubwa kama ng'ombe, anakula nyasi taratibu, mtoto wake kamganda ubavuni. Mkia ulikuwa na pengo, labda aliwahi kukatwa na pangaboi la boti.

"Tusimwambie mtu, Mjomba. Hata wafanyakazi."

"Nimwambie nani, mwanangu? Nimeshaona vihori vingapi vikiharibiwa na boti? Hiki ni chetu, mimi na wewe."

Ikapita miaka miwili. Mara chache walikwenda wawili, bila mitungi ya hewa, wakimtazama kwa mbali. Jumapili Deisy hakufanya kazi yake ya kuwaongoza wageni majini, aliimba kwaya kanisani. Fentje mwenyewe ndiye aliyemhimiza: "Nenda kaimbe. Wageni niachie mimi." Deisy alimsifia hilo kwa mama yake zaidi ya mara moja.

Jumatatu moja ya Julai, watu wakiwa mezani na uji wao wa mboga na maboga, mgeni mmoja, daktari wa meno mstaafu aitwaye Ortwin, alimwita kwa "Nona", yaani Binti, kama walivyozoea kisiwani.

"Nona Deisy, jana tumekukosa! Njoo uone." Akamgeuzia kioo cha kamera.

Alikuwa nguva, na pengo lake mkiani. Mbele yake mkono wa mtu, wenye chale ya pweza, ulikuwa umemshika mtoto wa nguva pezi.

"Mama hakimbii mtoto akishikwa," Ortwin alieleza kwa furaha. "Anazunguka tu, unapiga picha utakavyo. Mwaka jana pia tulifanya hivyo."

"Mwaka jana?"

"Kila Jumapili. Hukujua?"

Deisy aliijua chale ile. Alitoka, akapita kwa Yopi, nahodha wa boti, aliyekuwa anapakia mitungi.

"Yopi, nguva wa kihorini unamjua?"

Yopi alicheka, kisha akauona uso wake, kicheko kikamfia mdomoni. "Sote tunamjua, Nona. Tuliambiwa wewe tu usijue."

Fentje alikuwa kwenye mashine ya kujaza hewa. Deisy aliizima.

"Unamshika mtoto, Mjomba?"

Hakujidai kutoelewa. "Kidogo tu. Hajaumia."

"Uliniambia ni chetu."

"Na wewe unadhani wageni wanarudi kuona nini hapa? Matumbawe yaliyokufa? Hoteli za ng'ambo zina kila kitu. Mimi nina nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi," Fentje alisema, akaiwasha mashine, na kelele zake zikafunika lolote ambalo Deisy angeongeza.

Asubuhi ile bado aliwaongoza wageni wake kuzamia, akawahesabu, akawarudisha wote salama. Kisha akaogelea peke yake hadi kihorini. Mchanga ulikuwa umelimwa na nanga, mistari na mistari, nyasi zimeng'oka zinaelea. Alingoja mpaka midomo ikamgeuka rangi kwa baridi. Nguva hakuja.

Jumatano alikwenda kwa mkuu wa kijiji akasema yote, hata kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha Fentje mahali. Kabla ya mwezi kwisha kihori kilizungushiwa kamba na maboya, boti zikakatazwa. Deisy alikuwa ameshaacha kazi. Wenzake wawili walikoma kumsalimu, na Yopi alipomsalimu alitazama kwanza kama kuna anayewaona.

Krismasi ilifika, hakuna aliyekuwa amemwona nguva wala mtoto wake.

Siku mbili kabla ya mwaka mpya walikutana sokoni, kwenye meza ya pilipili. Fentje alikuwa amekonda.

"Umenimaliza, mwanangu," alisema, kwa sauti ile ile ya upole aliyomwita nayo miaka yote.

Deisy alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa neno lile "mwanangu" hakuwa amejiandaa. Aliweka pilipili mezani, akaondoka bila kununua kitu.